Meno Bandia: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa na Baada ya Kuyavaa

Katika nyumba zetu nyingi, meno bandia hukaa kwenye leso au kwenye kikombe kabatini badala ya kukaa kinywani. Mzee alitengenezewa, akayavaa siku ya harusi ya mjukuu, yakamchubua ufizi, akayatoa na kurudi kwenye uji na mukimo laini kama zamani. Pesa zilizotokana na mbuzi aliyeuzwa au malipo ya kahawa ya msimu mzima zimelala hapo. Somo hili linawahusu wazee wa Meru na Embu walio katika hali hiyo, pamoja na watoto wanaojipanga kuwalipia.

Kabla ya kutengenezewa

Anza kwa kumwona daktari wa meno. Kliniki za meno zipo katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Meru na katika hospitali ya rufaa ya Embu, ile tuliyoizoea kama Level 5. Daktari ataangalia kama kuna mizizi iliyobaki ndani ya ufizi, meno yanayolegea au kidonda. Meno bandia yakikalia mzizi uliooza hayatakaa vizuri, na usaha utaendelea chini yake bila wewe kuuona. Ikiwa una kisukari, mwambie mapema, kwa sababu ufizi wako utachukua muda zaidi kupona na ukungu wa kinywani utakusumbua kwa urahisi.

Ukishang'olewa meno, usishangae ukiambiwa urudi baada ya wiki kadhaa, pengine hata miezi 3. Mfupa wa taya uliokuwa umeshika meno huanza kusinyaa mara tu yanapoondolewa, na husinyaa kwa kasi zaidi miezi ya kwanza. Kipimo kikichukuliwa mapema mno, meno yatakayotoka maabara yatalegea baada ya muda mfupi. Wapo wanaotengenezewa meno ya kuvaa siku ileile ya kung'olewa ili wasikae na pengo. Hilo linawezekana, lakini fahamu mapema kwamba meno hayo yatahitaji kurekebishwa mfupa ukishatulia, na marekebisho hayo yana gharama yake.

Kuna watu wanaozunguka sokoni na mitaani wakiahidi kukuwekea jino kwa saa moja na kwa bei ya kutupa. Wengi wao huchukua plastiki laini, wakaigandisha moja kwa moja kwenye meno ya jirani na kukuacha na jino lisilotoka. Chakula huingia chini yake, ufizi huvimba na kutoa damu, na mwishowe meno mazima mawili yaliyokuwa yakilishikilia huoza pia. Ulikwenda na pengo moja, sasa una mapengo matatu. Daktari wa meno halali amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya na ana leseni ya mwaka husika. Kuomba kuiona si utovu wa adabu.

Aina za meno na jinsi ya kuchagua

Aliyepoteza meno yote ya taya moja hutengenezewa seti nzima. Ya juu hushikwa na mate na mnyonyo wa kaakaa, kwa hiyo mara nyingi hukaa vizuri. Ya chini ndiyo hutesa watu, kwa kuwa hayana kaakaa la kushikilia na ulimi huyasukuma kila wakati. Mzee akilalamika kwamba ya chini yanacheza, haimaanishi kwamba ametengenezewa vibaya. Mara nyingi ndivyo yalivyo, na mazoezi husaidia.

Aliyebakiwa na baadhi ya meno anaweza kupata ya plastiki ngumu, ambayo ni nafuu na fundi anaweza kuyaongezea jino baadaye. Yapo pia yenye fremu ya chuma, ambayo ni membamba na imara lakini ya bei ya juu. Aina ya tatu ni yale ya plastiki inayonyumbulika, ambayo watu huyapenda kwa sababu hayaonyeshi waya. Ni mazuri kwa macho, ila yakivunjika au kulegea ni vigumu kuyarekebisha, na mtu mwenye kipato kidogo afikirie hilo kabla ya kuvutiwa na sura. Vipandikizi vinavyofungwa ndani ya mfupa vipo kwa anayeweza kuvigharamia.

Jihadhari hasa na kibandiko kidogo cha jino moja au mawili kisicho na vishikizi vya kutosha. Kikilegea kinaweza kumezwa usingizini au wakati wa kula. Ubaya ni kwamba plastiki hiyo kwa kawaida haionekani kwenye eksirei, kwa hiyo mtu anaweza kukaa siku kadhaa akilalamika koo bila chanzo kugunduliwa. Ukipoteza jino bandia ghafla na huku unasikia maumivu kooni au unashindwa kumeza, nenda hospitali siku hiyohiyo na useme wazi kwamba huenda umelimeza.

Seti nzima kwa kawaida huhitaji safari kama 5 za kliniki: vipimo viwili, kupima jinsi taya zinavyokutana, kujaribu meno yakiwa bado kwenye nta, kisha kukabidhiwa. Anayetoka Maua au Siakago ahesabu nauli za safari zote, si ya siku moja. Uliza pia mapema ni sehemu gani ya gharama italipwa na SHA au bima yako, na ni ipi utaitoa mfukoni.

Siku ya kujaribu kwenye nta ndiyo siku ya kusema. Nenda na mtu anayekujua, na ubebe picha ya zamani ulipokuwa ukicheka. Angalia rangi, urefu, na jinsi mdomo unavyofunga. Wengi huomba meno meupe kama karatasi, halafu kila mtu kanisani anajua. Baada ya nta kubadilishwa kuwa plastiki, malalamiko ya sura ni magumu kutekelezwa.

Wiki za kwanza

Mate yatajaa, maneno yatateleza, na utahisi kama umebeba kijiko mdomoni. Soma gazeti kwa sauti nyumbani. Kula vilivyo laini kama mukimo, ndizi za kupika, nduma na ndengu zilizoiva vizuri, ukitafuna pande zote mbili kwa pamoja. Githeri isubiri. Mahindi ya kuchoma na miwa havifai kung'atwa kwa meno ya mbele ya bandia hata baadaye. Pukuchua mahindi, na miwa uikate vipande vidogo sana au uiache.

Kuhusu miraa na muguka tuseme ukweli, kwa kuwa wengi wetu tunavilima na tunavitumia. Kumenya gamba la miraa kwa meno ya mbele huyang'oa meno bandia kutoka mahali pake. Miraa pia hukausha kinywa, na bila mate seti ya juu haishiki. Tonge linalokaa shavuni kwa saa nyingi hukwaruza ufizi chini ya plastiki, nayo soda na chingamu zinazoandamana nalo huozesha meno machache yaliyobaki, ambayo ndiyo nguzo za yale ya bandia.

Mahali panapouma, usipakwangue kwa kisu wala kupeleka meno kwa fundi wa jua kali mwenye tupa na msasa. Yeye ni hodari wa mageti. Rudi kliniki, kukwangua kidogo mahali panapofaa ni kazi ya dakika chache. Yavae saa chache kabla ya kwenda ili alama ya mchubuko ionekane. Kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki 2 baada ya marekebisho lazima kichunguzwe, kwa sababu saratani ya kinywa huweza kuanza hivyo.

Kuyatunza kila siku

Yaoshe kila baada ya kula na uyasugue usiku kwa brashi laini na sabuni ya kawaida ya kuoshea vyombo au ya mkono. Dawa ya meno nyingi ina chembe zinazokwaruza plastiki, na ukungu hupenda mikwaruzo hiyo. Sugulia juu ya beseni lenye maji kidogo au taulo; yakiteleza na kuanguka kwenye sakafu ya saruji yatavunjika. Maji yanayochemka huyapinda, na jiki huharibu chuma na kufifisha rangi. Kwa jirani zetu wa Mbeere ambako maji hubebwa kutoka mbali, kikombe kimoja cha maji safi kinatosha kusuuza, na kingine cha kuyalaza.

Usiku yatoe. Utafiti uliofanywa Japani kwa wazee 524 na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba waliolala na meno bandia walikuwa na hatari ya kupata nimonia zaidi ya mara mbili ya wale walioyatoa. Yalaze kwenye maji safi yaliyofunikwa, mbali na watoto na mbwa. Safisha pia ufizi, ulimi na kaakaa kwa kitambaa safi kilicholowa au brashi laini. Kaakaa likiwa jekundu chini ya seti, hata bila maumivu, huenda ni ukungu, na hapo kinywa na meno bandia vyote hutibiwa pamoja.

Yakivunjika, weka vipande vyote kwenye karatasi ya nailoni na uvipeleke kliniki. Gundi kali ya dukani hufanya vipande visikutane tena sawasawa, na fundi wa maabara hulazimika kuanza upya. Meno bandia hudumu takriban miaka 5 hadi 10, lakini taya linaendelea kubadilika chini yake, kwa hiyo yaangaliwe mara moja kwa mwaka hata kama hayaumi. Wale ambao seti zao ziko kabatini pia waende nazo: mara nyingi kinachohitajika ni kuongezewa plastiki upande wa ndani, na hilo ni nafuu kuliko kutengeneza mapya.