Somo la 23: Nuru Isiyotazamwa

Hapo zamani mhunzi alipotaka kuunga vipande viwili vya chuma, alivitia katika makaa, na mwanafunzi wake akavuta mivukuto hata vikawa vyekundu, kisha vyeupe. Ndipo alipoviweka juu ya fuawe na kuvigonga kwa nyundo mpaka vikashikamana. Siku hizi, kando ya njia za miji yetu, twaona fundi wa namna nyingine. Hana mivukuto wala makaa. Ana mashine ya umeme, waya mbili nene, na kijiti chembamba cha chuma kilichopakwa dawa. Akikigusisha kijiti chake na chuma, kisha akakiinua kidogo tu, huwaka nuru kali ya rangi ya samawati, na cheche zikaruka huku na huku. Kazi hiyo huitwa kuchomelea. Kwayo hutengenezwa milango, vitanda, madawati na matela.

Nuru ile ni umeme unaoruka katika nafasi ndogo baina ya kijiti na chuma. Wataalamu huiita tao la umeme. Chuma huyeyuka penye joto la digrii 1,538 za sentigredi, na joto la tao hupita digrii 3,000. Kwa hiyo chuma hulainika mbele yake kama nta. Katika miaka ya 1880 Nikolai Benardos na Stanisław Olszewski, waliokuwa katika Dola ya Urusi, walionyesha njia ya kuunga chuma kwa tao, wakitumia kijiti cha kaboni. Baadaye, mwanzo wa karne ya 20, Oscar Kjellberg wa Uswidi akatengeneza kijiti cha chuma kilichopakwa dawa, kama hiki tukionacho leo.

Kazi hii ni njema, na labda baadhi yenu mtakuwa mafundi wake. Lakini kwanza sikilizeni kisa hiki.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja wa darasa la 6, kijana mwerevu, apendaye kujua kila kazi. Njia yake ya kurudi nyumbani ilipita karibu na karakana. Siku moja akasimama hatua chache tu kutoka kwa fundi, akatazama tangu saa 9 alasiri hata saa 11. Fundi alikuwa amejifunika uso kwa kinyago chenye kioo cheusi. Kijana hakuwa na kitu. Hakuona maumivu yoyote. Akaenda zake akifurahi, akala, akalala.

Usiku wa manane akaamka akilia. "Mama, macho yangu yamejaa mchanga!" Mama yake akawasha taa, naye akapiga kelele zaidi, maana mwanga ulimchoma kama miiba. Machozi yalimtiririka, wala hakuweza kufumbua macho. Jirani mmoja akashauri atiwe maziwa ya mama anyonyeshaye. Wa pili akasema afungiwe vipande vya kiazi kibichi. Mama akakataa yote mawili. Kulipopambazuka akamshika mkono, akampeleka zahanati. Mganga akampa dawa safi ya macho na dawa ya kutuliza maumivu, akamwamuru akae mahali penye giza wala asisugue macho. Siku ya tatu akarudi shuleni.

Akaniuliza, "Mwalimu, mbona nuru ile haikuniuma nilipokuwa nikiitazama?"

Swali lile ndilo somo letu la leo. Moto wa jikoni hukuonya palepale; ukiugusa, mkono wako huruka wenyewe. Bali hatari nyingi za kuchomelea hazipigi hodi. Huingia kimya, hukaa, na madhara yake hutokea fundi akiisha kwenda nyumbani.

Nuru ya tao ina miali isiyoonekana, ya jamii moja na ile miali ya jua ibabuayo ngozi, lakini hii hutoka karibu mno. Hubabua ngozi nyembamba iliyo mbele ya jicho. Maumivu huja baada ya saa nyingi, mara nyingi kati ya saa 6 na saa 12, na kwa kawaida hupoa kwa siku moja au mbili. Hata hivyo, mtu arudiaye kosa hilo mara kwa mara huweza kuyaharibu macho yake kabisa. Kwa hiyo fundi hutumia kioo cheusi cha namba 10 hadi 12. Miwani ya jua haitoshi, ijapokuwa wengi huivaa wakidhani inatosha. Wala mkono uliowekwa juu ya uso hautoshi, maana ukuta mweupe huirudisha nuru. Mpita njia naye asitazame. Na ageuze uso, aende zake.

Hatari ya pili ni moshi. Fundi akichomelea bati au bomba lililopakwa zinki, hutoka moshi mweupe. Akiuvuta, saa chache baadaye hushikwa na homa, baridi, kichwa kuuma na viungo kulegea. Hapo yeye na jamaa zake husema, "Ni malaria." Homa ile kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili, lakini mgonjwa na apimwe damu, na mganga aambiwe kwamba alikuwa akichomelea, ili ajue la kutafuta. Tena iko hatari ichelewayo miaka mingi. Mwaka 2017 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, waliuweka moshi wa kuchomelea katika orodha ya vitu viletavyo saratani kwa wanadamu.

Mafundi wengi hunywa maziwa jioni wakisema kwamba yanausafisha moshi kifuani. Maziwa ni chakula kizuri, lakini njia yake huenda tumboni, na njia ya moshi huenda mapafuni, hayakutani. Dawa ya moshi ni kutouvuta. Fundi mwenye akili huchomelea mahali pa wazi, upepo ukivuma ubavuni pake, wala hainamishi kichwa juu ya moshi. Rangi na zinki huzikwangua kwanza mahali atakapochomelea.

Hatari ya tatu ni moto. Tarehe 9 Februari 1942, katika bandari ya New York, meli kubwa ya Ufaransa iitwayo Normandie, yenye urefu upitao meta 300, ilikuwa ikigeuzwa kuwa meli ya kuchukulia askari. Mafundi walikuwa wakikata chuma kwa taa ya gesi. Cheche zikaruka juu ya marundo ya vizibao vya kujiokolea majini, vilivyojazwa sufi kama ile tujazayo katika mito yetu. Moto ukaenea upesi. Maji yaliyomiminwa ili kuuzima yakailemea meli, nayo kabla ya kupambazuka ikalala ubavu. Haikusafiri tena kamwe. Taa ile haikuwa ya umeme, lakini cheche ni cheche. Huweza kuruka meta 10, zikajificha katika gunia au maranda ya mbao, zikafuka polepole hata karakana ikiisha kufungwa. Basi, kabla ya kazi ondoa kila kitu kiwezacho kuwaka. Weka ndoo ya mchanga karibu. Na baada ya kazi, kaa ulinde mahali pale nusu saa au zaidi. Tena jihadhari na pipa tupu la petroli. Petroli imekwisha, lakini mvuke wake umo ndani, na cheche moja huweza kulipasua pipa na kumwua mtu.

Iko hatari moja isiyochelewa, nayo ni umeme wenyewe. Huua mara moja, hasa mwili ukiwa umelowa maji au jasho. Usichomelee katika mvua wala ukisimama penye maji. Vaa glovu za ngozi zilizo kavu na viatu vya soli ya mpira visivyotoboka. Waya iliyochubuka isitumiwe. Ukimwona mtu ameshikwa na umeme, usimguse, usije ukashikwa pamoja naye. Zima umeme kwanza. Na kama huwezi, msukume kwa mti mkavu, kisha itia watu.

Mavazi nayo ni kinga. Fundi huvaa nguo nzito za pamba au ngozi, zenye mikono mirefu, wala si nailoni, ambayo huyeyuka na kugandamana na ngozi. Agongapo mavi ya chuma ili kuyaondoa, huvaa miwani safi, kwa maana vipande vyake huruka. Na chuma alichokwisha kukichomelea hukiandika kwa chaki, "MOTO", kwa sababu chuma kilichokwisha kupoteza wekundu wake bado huweza kuunguza mkono.

Kijana yule sasa ni fundi. Nilipopita karakanani kwake niliona pazia la turubai limetundikwa upande wa njia. Nikamwuliza sababu yake. Akanijibu, "Mwalimu, watoto wa shule hupita hapa saa 9." Tahadhari kabla ya hatari, wanangu, maana hatari ichelewayo hujulikana ikiisha kudhuru.

MASWALI

1. Kwa nini kijana hakusikia maumivu alipokuwa akitazama?
2. Homa ya moshi wa zinki hufanana na ugonjwa gani? Mgonjwa amwambie mganga nini?
3. Kwa nini maziwa hayawezi kuuondoa moshi kifuani?
4. Eleza jinsi meli ya Normandie ilivyoungua.
5. Utamsaidiaje mtu aliyeshikwa na umeme?
6. Fundi yule alitundika pazia kwa faida ya nani?