MFUNDISHE MWANAO KUMWELEZA MTU

Ndugu mfanyakazi, utokapo zamu leo mwambie mwanao akusomee insha yake. Huenda ameandika: "Mama yangu ni mrefu, mzuri, ananipenda." Si kosa. Lakini hapa Mbarara akina mama wa namna hiyo ni wangapi?

Jambo hili lina uzito zaidi Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale yaliyoanzishwa mwaka 1958. Humo wamo watu wa Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia, na wengi wamepotezana na ndugu zao. Aendaye Msalaba Mwekundu kutafutiwa nduguye huulizwa: yukoje? Jibu la "mrefu, mweusi" halitoshi. "Ana kovu juu ya jicho la kushoto" lasaidia.

Basi mfundishe mtoto hivi:

Kwanza, ataje alama moja ya mwili ambayo wengine hawana.

Pili, aoneshe tabia kwa tendo. Asiseme "Mjomba ni mchoyo." Aseme: "Mjomba hufungia sukari sandukuni, na ufunguo huuvaa shingoni."

Tatu, aandike neno ambalo mtu huyo hapitishi siku bila kulisema.

Zoezi: amweleze jirani bila kumtaja jina. Ukimtambua, amefaulu.

Mwisho, akueleze wewe. Usione haya akiandika vidole vyako vyeusi kwa majani ya chai. Hapo ndipo atakapoanza kuijua kazi inayomlisha.