Jua Haki Zako: Mgeni akitaka nyumba ya kupangisha kwa jina lako

Ruangwa ya leo, mkoani Lindi, ina wageni wengi kuliko ya zamani. Kuna mgodi wa kinywe wa Lindi Jumbo, kuna dhahabu ya Namungo, na upande wa Nachingwea kuna nikeli ya Ntaka. Watumishi, mafundi na wafanyabiashara wanatafuta vyumba, na mwenye kiwanja Matambarale, Ruangwa mjini au Nachingwea anaanza kupigiwa hesabu na watu asiowajua.

Ombi linalokuja mara kwa mara ni hili. Mgeni kutoka nje ya nchi ana fedha za kujenga nyumba za kupangisha, ila ameambiwa hawezi kumiliki ardhi. Anamwambia mwenyeji: "Kiwanja kiandikwe jina lako, mimi nitajenga, pango tutagawana." Mwenyeji anauliza: je, nikubali?

Jibu fupi ni hapana, usikubali kwa namna hiyo. Lakini zipo njia halali za kunufaika na fedha za mgeni, na ni vema uzijue kabla hujamfukuza mtu mlangoni.

Asiye raia na ardhi

Sheria ya Ardhi ya 1999 (Sura ya 113) inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kifungu cha 20 kinakataza asiye raia kugawiwa ardhi, isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji uliokubaliwa chini ya sheria za uwekezaji. Hata hapo hapewi hati kama yako. Anapewa haki ya kuitumia ardhi kwa muda, na muda ukiisha haki hiyo inarudi kwenye mamlaka ya uwekezaji. Zamani mamlaka hiyo ilikuwa Kituo cha Uwekezaji (TIC). Mwaka 2025 iliunganishwa na EPZA ikawa Mamlaka ya Uwekezaji na Maeneo Maalumu ya Kiuchumi (TISEZA).

Mlango huo ni mwembamba. Chini ya Sheria ya Uwekezaji ya 2022, mgeni aliyetaka cheti cha vivutio vya uwekezaji alitakiwa kuwa na mtaji usiopungua dola 500,000 za Marekani. Safu ya vyumba sita vya kupangisha haifiki huko.

Kuficha ugeni ndani ya kampuni nako hakusaidii. Kampuni ambayo wenye hisa wengi si raia huhesabiwa kuwa si raia. Jirani wa Kenya, Uganda au Rwanda naye haponi kwa kusema sote ni Afrika Mashariki: Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika 2010 iliacha suala la ardhi kwa sheria za kila nchi.

Mgeni kupanga nyumba ili aishi hakuzuiwi. Kinachozuiwa ni kumiliki ardhi kwa mlango wa nyuma.

Jina la kuazima linavyowaumiza wote wawili

Kifungu cha 23 cha Sheria ya Mikataba (Sura ya 345) kinasema makubaliano ambayo lengo lake linakiuka sheria ni batili. Kile "kikaratasi cha siri" mlichosaini, kinachosema mwenye nyumba halisi ni mgeni, hakitamsaidia mahakamani. Jina lililosajiliwa ndilo litakalotazamwa.

Wengine hapo hufurahi: basi mimi nimepata nyumba ya bure! Subiri kidogo. Sheria hiyo hiyo inaweza kutumika kukudai urudishe faida uliyoipata katika mkataba batili. Kumbuka pia kwamba kila deni la nyumba hiyo liko kwa jina lako: kodi ya jengo, kodi ya mapato ya pango, fundi asiyelipwa, mpangaji aliyeumia ukuta ulipoanguka. Ukifariki, nyumba itaingia kwenye mirathi yako, na watoto wako watarithi ugomvi na mtu wasiyemjua.

Jihadhari pia na dalali. Amri ya Julai 2025 iliyotaja biashara ambazo wasio raia hawaruhusiwi kufanya inajumuisha udalali wa nyumba na ardhi. Raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara iliyokatazwa anaweza kutozwa faini ya shilingi milioni 5 au kufungwa miezi mitatu.

Kama kiwanja kiko kijijini

Ardhi ya vijijini Matambarale inasimamiwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 (Sura ya 114). Halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi, na ugawaji wa ardhi unahitaji idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Sahihi ya mwenyekiti peke yake, hata ikiwa na muhuri, si idhini ya kijiji. Mgeni akitaka ardhi ya kijiji kwa uwekezaji, kwanza ardhi hiyo lazima ihamishwe iwe ardhi ya jumla. Ikiwa ni chini ya hekta 250, mkutano mkuu una haki ya kukubali au kukataa. Wewe kama mwanakijiji una haki ya kuhudhuria, kuuliza na kutaka jibu liandikwe kwenye muhtasari.

Shamba lako la kimila si mali ya daraja la chini. Mwaka 1994, katika kesi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani ilisema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Tafuta hati ya hakimiliki ya kimila mapema; aliye na hati huzungumza na mnunuzi au benki akiwa na nguvu.

Mtoto aliye ng'ambo, mke au mume wa kigeni

Mwanao anayefanya kazi Muscat, Pemba ya Msumbiji au London bado ni raia maadamu hajachukua uraia wa huko. Anaweza kununua na kujenga kwa jina lake, na kukuachia hati ya uwakala ili usimamie. Hiyo ni salama kuliko kuandika kila kitu kwa jina la kaka au mjomba.

Akichukua uraia wa nchi nyingine akiwa mtu mzima, anapoteza wa Tanzania, na kwa sheria ya ardhi anahesabiwa si raia. Serikali ilipeleka bungeni mpango wa hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania. Kabla hajatuma fedha, aulize Idara ya Uhamiaji na ofisi ya ardhi masharti yanayomhusu.

Kuoa au kuolewa na Mtanzania hakumpi mgeni umiliki wa ardhi. Ila mwenza, raia au mgeni, ana ulinzi juu ya nyumba ya familia: Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia mume au mke kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake.

Njia halali za kupata fedha

Mgeni anaweza kukukopesha. Andikeni kuwa ni mkopo: kiasi, tarehe za kulipa, na nini kitatokea ukichelewa. Nyumba inabaki yako na deni linabaki deni. Anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mwombe akuoneshe.

Kampuni inayotafuta makazi ya wafanyakazi inaweza kukulipa pango la mwaka mzima mapema, nawe ukalitumia kujengea. Kampuni hiyo inapaswa kukata asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA). Dai risiti yake.

Mkataba uandikwe kwa shilingi. Kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza kutaja bei au kudai malipo ya ndani ya nchi kwa fedha za kigeni.

Na sisi tukinunua kwao?

Nchi nyingine nazo zina masharti yao. Kenya, kwa Ibara ya 65 ya Katiba ya 2010, haimpi mgeni zaidi ya upangaji wa miaka 99. Nchini Msumbiji ardhi ni mali ya serikali na haiuzwi wala kuwekwa rehani. Kinachouzwa ni jengo, na mgeni hupata haki ya kutumia ardhi kwa masharti ya Sheria ya Ardhi ya 1997, yakiwemo ya ukaazi na mradi ulioidhinishwa. Dubai inaruhusu umiliki kamili, lakini katika maeneo yaliyotengwa tu. Anayekuambia "nunua, nitakuandikia jina la ndugu yangu" huko Montepuez, Msumbiji, anakupeleka kwenye shimo lile lile, safari hii wewe ukiwa mgeni.

Kabla hujasaini

- Omba kitambulisho cha mgeni na, akidai ni mwekezaji, karatasi za TISEZA.
- Fanya upekuzi wa hati kwa Msajili wa Hati, au uliza rejista ya kijiji.
- Hakikisha mwenza wako ameridhia kwa maandishi.
- Mauzo ya ardhi ya mdomo hayatoshi. Sheria inataka mkataba wa maandishi.
- Usisaini lugha usiyoielewa. Dai nakala ya Kiswahili.
- Fedha zipite benki, si mkononi.

Mkigombana

Anzeni Baraza la Ardhi la Kijiji au Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu; likishindwa ndani ya siku 30, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Dai la kurudishiwa ardhi hufa baada ya miaka 12, kwa hiyo usikae kimya. Asiye na fedha za wakili ana haki ya kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017: aulize ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri, Ruangwa au Nachingwea, amwelekeze kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Aende na karatasi zote, hata zile anazoziona za aibu, kwa sababu mara nyingi kesi huamuliwa na karatasi iliyoachwa nyumbani.