Wajibu wa Mwalimu katika Kuuondoa Umasikini

Ndugu msomaji, sadaka humshibisha mwenye njaa leo, na Islam imeifanya kuwa haki yake; lakini kesho njaa hurudi. Kwa hiyo pamoja na sadaka Islam imeweka elimu.

Baada ya vita vya Badr, mwaka wa 624, wafungwa wa Makka waliojua kuandika lakini hawakuwa na mali ya kujikombolea waliambiwa kwamba kila mmoja awafundishe watoto kumi wa Madina, kisha awe huru. Zingatia kwamba Waislamu wakati ule walikuwa masikini, na fedha walizihitaji sana. Hata hivyo Mtume Mtukufu s.a.w. aliihesabu elimu ya watoto kumi kuwa fidia kamili.

Imepokewa pia katika Abu Daud kwamba Ansari mmoja alikuja kuomba. Mtume s.a.w. akaviuza vitu vyake viwili, tandiko na bakuli, kwa dirhamu mbili. Moja ikanunua chakula cha nyumbani, ya pili ikanunua shoka, naye Mtume s.a.w. akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya siku kumi na tano za kukata kuni, yule mtu alirudi na dirhamu kumi. Hakupewa mawaidha matupu akiwa na njaa, wala hakupewa chakula bila ya chombo cha kazi.

Sasa tuitazame Kariakoo, ambayo jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Hata leo wapagazi, wasukuma mikokoteni, mama lishe na machinga wa hapo hawakosi bidii. Wengi huamka kabla ya alfajiri. Lakini wengi hukosa hesabu. Mtu huuza kutwa bila ya kutenganisha mtaji na faida. Kisha hukopa ile mikopo ambayo watu wenyewe wameiita "kausha damu", akatia sahihi karatasi asiyoielewa. Soko lilipoungua tarehe 10 Julai 2021 tulikumbushwa jinsi mali inavyoweza kupotea kwa usiku mmoja. Asiyeandika anamdai nani na anadaiwa nini, atasimama na ushahidi gani?

Katika Sura Al-Baqara Mwenyezi Mungu ameamuru deni la muda liandikwe, likiwa dogo au kubwa, na ajuaye kuandika asikatae kuandika kama Mungu alivyomfundisha. Ndugu walimu, amri hii ya mwisho inatuhusu sisi.

Basi tufanye nini? Kwanza, hesabu shuleni ifundishwe kwa daftari la biashara: mtaji, mauzo, matumizi na faida. Pili, msikiti au madrasa iwe darasa la watu wazima jioni, baada ya soko kufungwa. Tatu, mwalimu ausome mkataba pamoja na jirani yake kabla hajatia sahihi, na amweleze riba itakavyomla. Nne, amtafute mtoto aliyeacha shule akasukuma mkokoteni. Ada ya sekondari za serikali ilifutwa mwaka 2016, lakini sare na madaftari bado hununuliwa.

Huenda mtu akasema kazi hii ni kubwa mno. Mwaka 1967, karibu watu wazima 67 katika kila 100 wa Tanzania Bara hawakujua kusoma. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kufikia 1986 hesabu za serikali zilionyesha kwamba wamebaki chini ya 10. Ni kweli umasikini haukwisha, maana bei za mazao na uchumi wa nchi havimo mikononi mwa mwalimu. Tena elimu isiyotumiwa husahauliwa. Ndiyo sababu nasisitiza daftari: mwenye kuandika mauzo yake kila jioni hasahau kusoma, wala hadhulumiwi kwa urahisi.

Ewe mwalimu, wafungwa wa Badr, nao walikuwa maadui, waliwafundisha watoto kumi kila mmoja. Wewe uliye muumini, umewafundisha wangapi mtaani kwako bila ya kungoja mshahara? Mwenyezi Mungu atuwezeshe kutimiza wajibu huu. Amin.