UMISSETA au akademi?



Tuseme uko kidato cha tatu hapa Tunduma na mpira unaujua kweli kweli. Mwalimu wa michezo anakutaka UMISSETA: uanze na shule, wilaya, mkoa wa Songwe, na ukijaliwa, taifa. Kocha wa mtaani anasema achana na hayo, nenda akademi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka nyumbani. Sasa?

Mt. Thoma wa Akwino anafundisha kwamba busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuamua, na kujiamuru kutenda. Wengi tunaliruka la kwanza. Shauri ni kuuliza maswali ya kawaida tu. Ada analipa nani? Mtihani wa kidato cha nne nitafanyia wapi? Goti likiumia nitatibiwa na nani? Jumapili nitapata nafasi ya Misa? Akademi ikijibu kwa maandishi, mbele ya wazazi, haya tuongee. Ikisema "tutaona huko huko", mimi nakushauri ubaki shule.

Sisi wa mpakani tuna jaribu letu zaidi: "Nakonde si hapo tu, klabu ya Zambia inakusubiri." Kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, ila kwa masharti machache. Kijana wa mpakani anaweza kuruhusiwa, lakini aendelee kuishi nyumbani kwao na mashirikisho ya nchi zote mbili yakubali. Anayetaka uvuke kimyakimya, mwambie kwanza aje aonane na baba.

Wiki hii soma 1 Kor 9:24-27, kisha andika maswali yako na umpelekee mzazi kabla ya Jumapili.