Shoti Seli California: Eskro Ifunguliwe Lini?

Ukinunua nyumba kwa shoti seli California, saini ya muuzaji haitoshi. Bei haifikii deni lililobaki, kwa hiyo benki inayomdai ndiyo yenye kauli ya mwisho, na kauli hiyo huweza kuchukua miezi. Mimi nilinunua hivyo Sacramento, na naamini kuliko hata kuvutana bei, kilichonisaidia zaidi ni kupanga vizuri lini ifunguliwe eskro, yaani faili kwa mtu wa kati anayeshika fedha na hati hadi mauzo yakamilike.

Katika ununuzi wa kawaida, amana hupelekwa kwenye ofisi ya eskro ndani ya siku 3 za kazi tangu ofa ikubaliwe, na siku za kukagua nyumba, kwa kawaida 17, huanza kuhesabiwa papo hapo. Kwenye shoti seli ratiba hiyo itakuumiza. Utamlipa mkaguzi na mthamini, kisha benki ikatae au ipandishe bei. Fedha hizo hazirudi.

Ndiyo maana mawakala wengi hukwambia usubiri barua ya idhini ya benki kwanza. Nakubaliana nao nusu. Fedha zisubiri, faili la eskro lisisubiri. Benki haiidhinishi mauzo kabla ya kuona makadirio ya hesabu za mwisho: kamisheni, kodi ya nyumba, gharama, na kitakachoifikia yenyewe. Ofisi ya eskro ndiyo huandaa hesabu hizo, na faili likishafunguliwa huweza pia kuagizwa ripoti ya awali ya umiliki.

Ripoti hiyo isome mstari kwa mstari. Kwenye ya kwetu, chini ya rehani kuu, palikuwa na rehani ya pili, na chini yake deni la ada za chama cha wenye nyumba wa mtaa ule. Kila mdai wa namna hiyo lazima alipwe au akubali kuachia dai lake. Mwenye rehani ya pili ndiye hukwamisha wengi, kwa kuwa huambulia kidogo tu kwenye mauzo. Kwa kuwa tulimjua mapema, wakala wa muuzaji alimpelekea maombi sambamba na benki ya kwanza. Angegundulika baadaye, idhini ya kwanza ingeweza kuisha muda huku yeye bado hajajibu.

Makubaliano ya fedha kusubiri yaandikwe. Mawakala wa California wana kiambatisho cha mkataba mahususi kwa shoti seli, chenye nafasi ya kuchagua muda uanze lini: ofa ikikubaliwa, au benki ikiidhinisha. Chagua idhini ya benki, kwa amana, ukaguzi na mkopo. Weka pia tarehe ya mwisho ya kuisubiri benki, ili ikipita uweze kujitoa bila kupoteza kitu.

Barua ikifika, kagua bei, majina na siku ya mwisho ya kukamilisha mauzo, ambayo mara nyingi huwa karibu. Siku hiyohiyo peleka amana, mwite mkaguzi, na umwambie mkopeshaji akuwekee kiwango cha riba kisibadilike hadi mauzo yakamilike. Kama unataka mume au mke wako aandikwe kwenye hati, jina lake liingie kwenye ofa tangu mwanzo, kwa sababu benki huidhinisha wanunuzi waliotajwa, na jina jipya linaweza kulirudisha ombi lote kwenye foleni.