Kutibu Mapigo ya Moyo kwa Baridi: Je, Nafuu Hudumu?

Moyo wenye afya hupiga kwa mpango, ukiongozwa na umeme unaoanzia katika chumba chake cha juu cha kulia. Katika ugonjwa wa mpapatiko, vyumba vya juu hutetemeka ovyo. Damu hutuama na kuganda, na bonge likifika ubongoni huleta kiharusi.

Mwaka 1998, Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kuwa vichocheo vya mpapatiko mara nyingi hutoka katika vena za mapafu. Hapo ndipo matibabu ya baridi yanapolenga. Daktari hupitisha katheta, yaani mrija mwembamba, kutoka mshipa wa paja hadi moyoni. Puto lililo nchani huziba mdomo wa vena, nayo gesi ya naitrasi oksaidi hulipoza hadi nyuzi 40 au zaidi chini ya sifuri. Tishu iliyogandishwa huwa kovu, na kovu halipitishi umeme.

Utafiti wa EARLY-AF wa Kanada uliwafuatilia wagonjwa 303 kwa miaka 3. Kwa matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022, mapigo ya ovyo yaliwarudia asilimia 56.5 ya waliotibiwa kwa baridi, na asilimia 77.2 ya waliotumia dawa. Waliopatwa na mpapatiko usiokoma walikuwa asilimia 1.9 na 7.4. Hivyo basi, baridi hupunguza ugonjwa na kuuchelewesha, haiung'oi. Baadhi ya tishu hupona na kupitisha umeme tena.

Familia ya Karagwe au Kyerwa inayofikiria kuuza ng'ombe ili mgonjwa apelekwe mbali yapaswa kulipima jambo hili. Aidha, wagonjwa wale walikuwa na mpapatiko unaokuja na kupita. Afrika Mashariki, wengi huupata kwa sababu ya vali iliyoharibiwa na homa ya rumatiki, na matokeo ya Kanada hayawahusu moja kwa moja. Kwao, utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, uliofanyika katika nchi 24, ulionyesha vifo vichache zaidi kwa waliotumia warfarini kuliko rivaroksabani. Warfarini hudai damu ipimwe mara kwa mara.

Hata aliyetibiwa kwa baridi asiache dawa ya kuzuia kuganda kwa damu kwa kuwa tu anajisikia vizuri. Hilo huamuliwa na daktari kwa kupima hatari ya kiharusi. Na katika zahanati yoyote, kutoka Murongo hadi Kayanga, vidole juu ya kifundo cha mkono kwa dakika moja vyaweza kugundua mapigo yasiyo na mpango, mgonjwa akapelekwa kupimwa umeme wa moyo mapema.